Ruhusa ya Kusoma: Mafuvu ya Taita na Faili Moja

Leo sina habari za Linux wala simu mpya, ila mwishoni kuna faili, kwa hiyo nivumilieni.

Nikiwa likizo nyumbani Voi, rafiki yangu alikuja na wazo: twende usiku kwenye mapango ya mafuvu kule milima ya Taita "tuwinde mizimu", kama wanavyofanya Wamarekani kwenye televisheni. Alikuwa na kinasa sauti, kamera inayoona gizani na kipimo cha mawimbi ya umeme. Mimi nilitakiwa kuchambua data.

Tuanze na vifaa. Vinasa sauti vingi hujirekebisha vyenyewe. Mahali pakiwa kimya, hukuza sauti ndogo mpaka upepo ukawa kama mnong'ono, na ubongo wetu ni hodari wa kusikia maneno yasiyokuwepo. Kipimo cha mawimbi huruka simu ya mfukoni ikiwasiliana na mnara. Vile viduara vyeupe kwenye picha ni vumbi karibu na lenzi, na vumbi jekundu la Voi mnalijua. Tungepata "ushahidi" bila mzimu wowote kujisumbua.

Hata hivyo tulikwenda kwanza kumwomba babu yangu ruhusa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mmewauliza wenyewe?" Rafiki yangu akajibu kwamba ndio tunakwenda kuwauliza, kwa kinasa sauti. Babu hakucheka.

Zamani, Mtaita akishakaa kaburini kwa muda, kaburi lilifukuliwa na fuvu likapelekwa pangoni kukaa na mafuvu ya ukoo wake. Ndiko watu walikokwenda wakipatwa na ukame au ugonjwa. Mmisionari J. A. Wray alifika Sagalla mwaka 1883, na kadiri Ukristo ulivyoenea desturi hiyo ikafifia. Lakini yako mapango yenye mafuvu mpaka leo.

Mengine yalisafirishwa enzi za ukoloni. Mwaka 1931 jarida la Biometrika la Uingereza lilichapisha utafiti wa Kitson kuhusu mafuvu kutoka Kenya, yakiwemo ya Wataita. Baadaye Mmarekani William Howells alizunguka dunia, kati ya 1965 na 1980, akipima mafuvu zaidi ya 2,500. Ya Wataita aliyopima ni 83: wanaume 33, wanawake 50. Mwaka 1996 ilitangazwa kwamba vipimo vyake viko kwenye intaneti, bure kwa yeyote. Programu za kutambua asili ya fuvu, kama CRANID na FORDISC, zimevitumia.

Nami nililipakua faili hilo nilipokuwa najifunza takwimu. Nilichora grafu wiki nzima, safu ya GOL, yaani urefu wa fuvu kwa milimita, kabla ya kugundua kwamba neno TEITA pale ni sisi.

Nilimweleza babu. Akauliza, "Wanaitwa nani?" Nikamwambia faili lina namba, jinsia na vipimo. Jina halimo, ukoo haumo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wewe ulishaingia pangoni, mjukuu wangu. Hukuhitaji hata tochi."

Sisi waandishi wa programu tunajua ruhusa za faili: kusoma, kuandika, kuendesha. Seva iliniruhusu kusoma, nikadhani yameisha. Lakini seva hujibu kwa niaba ya aliyeweka faili tu. Ukoo uliomweka mtu wake pangoni haumo kwenye mfumo ule, na hakuna safu inayosema nani alikubali.

Pangoni hatukwenda. Faili sijalifuta, maana kulifuta hakurudishi fuvu hata moja. Nimeweka kando yake maelezo kwa yeyote nitakayempa: hawa ni watu 83 kutoka Taita, wana jamaa zao, na jamaa hao wanafikika. Ukitaka kuwatumia, panda mlima ukaulize kwanza.

Tuonane wiki ijayo.