Macho hayana pazia: Siri ya kiinimacho cha kufungwa kitambaa

MADONGE mawili ya unga uliokandwa hubandikwa juu ya macho yaliyofumbwa. Juu ya madonge hayo huwekwa pamba, kisha bendeji huzungushwa kichwani mara kadhaa, hadi uso kuanzia kipaji hadi puani ukafanana na wa majeruhi wa vita. Baada ya hayo yote, aliyefungwa hufungua kitabu alicholetewa na mtazamaji akakisoma kwa sauti, au hupanda baiskeli akaiendesha barabarani pasipo kugonga kitu.

Hivyo ndivyo alivyowastaajabisha watu Kuda Bux, mzaliwa wa Akhnur, Kashmir, mwaka 1905, ambaye alijipatia umaarufu Uingereza na Marekani kwa lakabu ya mtu mwenye macho ya eksirei. Mwaka 1935 alivuka shimo la makaa ya moto kwa miguu mitupu huko Surrey, Uingereza, mbele ya watafiti. Mwaka 1950 alikuwa na kipindi chake katika televisheni ya CBS nchini Marekani. Kipindi hicho kilimwita fumbo la Kihindu, ilhali yeye alikuwa Mwislamu.

Mchezo wa kufungwa macho ni miongoni mwa michezo inayopendwa mno katika sanaa ambayo Kiswahili, kwa hekima yake, kimeipa jina la jicho lenyewe: kiinimacho. Siri yake inafaa kueleweka, si kwa ajili ya kuwaharibia wasanii riziki, bali kwa sababu katika miaka ya karibuni mchezo uo huo umetoka jukwaani ukaingia katika madarasa, ambako wazazi huuziwa kipawa kisichokuwapo.

Njia ya kwanza: Upenyo wa pua

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Walikusudia kuwa ni vigumu kumzuia mtu kutazama kilicho mbele yake. Kwa wacheza kiinimacho, methali hii ni kweli kwa maana yake ya juu na ya ndani.

Kitambaa kikifungwa usoni, pua hukiinua. Kila upande wa pua hubaki upenyo mdogo ambao mfungaji hauoni, kwa sababu yeye hutazama kutoka mbele, nao uko chini. Aliyefungwa akishusha macho, huona mapaja yake, meza na kitabu kilichoko mikononi mwake. Akiinua kichwa kidogo, kana kwamba anatega sikio au anawaza, huona mbali zaidi. Yeyote anaweza kulithibitisha jambo hili nyumbani kwa leso na gazeti.

Unga, pamba na bendeji humfanya mtazamaji aamini kwamba njia zote zimezibwa. Kwa hakika, wingi wa vifuniko humsaidia msanii. Wakati wa kufungwa yeye hukunja uso kwa nguvu, akafumba macho na kuteremsha nyusi. Kazi ikiisha, huulegeza uso na kuinua nyusi, na tabaka zote zilizokwisha kushikana huinuka pamoja. Upenyo hujifungua wenyewe.

Mwandishi wa Marekani Martin Gardner, aliyekuwa mjuzi wa hesabu na wa kiinimacho pia, aliyaeleza haya katika jarida la Science mwaka 1966. Alisema kuwa ni vigumu sana kuyaziba macho ya mtu kwa kitambaa, plasta au pamba bila kuacha mwanya. Akapendekeza kwamba anayetaka kumpima mtu kwa haki amvishe kasha jepesi la chuma linalofunika kichwa chote hadi mabegani.

Zipo pia hila za kitambaa chenyewe. Kitambaa kinachoonekana kizito kikiwa mkononi huweza kupitisha nuru kikikaribia jicho. Ndiyo maana msanii huwapa watazamaji kitambaa wakikague, lakini huwa amekwisha kujua watakikagua vipi.

Njia ya pili: Jicho la kuazima

Kuna michezo ambayo msanii hahitaji kuona hata chembe. Mfaransa Jean-Eugène Robert-Houdin, aliyefungua ukumbi wake jijini Paris mwaka 1845, alianza mwaka 1846 kuonyesha mchezo aliouita uoni wa pili. Mwanawe Émile aliketi jukwaani akiwa amefungwa macho. Baba alipita kati ya watazamaji, akapokea saa, sarafu au pete, na mtoto akaitaja kila moja kwa sifa zake.

Katika michezo ya namna hii siri haimo machoni bali katika maneno. Swali linaloanza kwa neno fulani humaanisha kitu cha dhahabu, na lile linaloanza kwa neno jingine humaanisha cha fedha. Msanii na mwenzake hukariri orodha ndefu ya ishara kama hizo hadi zikawa kama lugha yao ya pili. Watu walipoanza kushuku maneno, Robert-Houdin alinyamaza akatumia kengele. Kitambaa hapa ni pambo tu, nalo huwafanya watazamaji wayalinde macho ya mtoto huku masikio yakipokea kila kitu.

Njia ya tatu: Mkono usemao

Njia ya tatu ndiyo ya ajabu zaidi, kwa kuwa anayefichua siri hajui kwamba anaifichua. Mmarekani Washington Irving Bishop, aliyefariki mwaka 1889, alikuwa akifungwa macho, kisha mtu aliyejua palipofichwa kitu fulani akamshika mkono. Bishop alienda moja kwa moja hadi kwenye kitu hicho. Aliwahi hata kuendesha gari la farasi akiwa amefungwa macho huku akitafuta kitu kilichofichwa.

Mwanasayansi Mwingereza William Carpenter alikuwa ameeleza tangu mwaka 1852 kwamba wazo la mtu huweza kuisukuma misuli yake bila yeye kukusudia. Anayejua kitu kiko kushoto, mkono wake husita kidogo anapovutwa kulia na hulegea anapovutwa kushoto. Msanii aliyefanya mazoezi husoma kusita huko kama mtu asomavyo barua. Ni ustadi wa kweli, ingawa hauhusiani kamwe na kusoma mawazo.

Dai lililoingia maabara

Laiti mambo yangeishia jukwaani, yasingemdhuru mtu. Lakini mara kwa mara wametokea watu wanaodai kwamba wanaona kwa ngozi. Mwaka 1920 mwandishi Mfaransa Jules Romains alichapisha kitabu kizima akitetea dai hilo. Katika miaka ya 1960 mwanamke aitwaye Rosa Kuleshova wa Muungano wa Sovieti alitangazwa ulimwenguni kuwa anasoma maandishi kwa vidole. Ndizo habari zilizomsukuma Gardner kuandika makala yake. Hoja yake ilikuwa nyepesi: wanasayansi waliowapima watu hao walijua mengi kuhusu mwili, lakini hawakujua hila ambazo mwana kiinimacho chipukizi huzijua.

Baada ya mwaka 2010, dai hilo lilivaa nguo mpya nchini India na katika nchi nyingine za Asia. Vituo vilitangaza mafunzo ya kuamsha ubongo wa kati. Watoto walipitishwa katika siku chache za muziki na mazoezi, kisha wakafungwa kitambaa mbele ya wazazi wao na kusoma kadi, kutaja rangi na hata kuendesha baiskeli. Wazazi walilipa ada kubwa wakiamini kwamba watoto wao wamekuwa na akili kuliko wenzao.

Ubongo wa kati ni sehemu halisi ya ubongo, na miongoni mwa kazi zake ni kuongoza mwendo wa macho. Hauhitaji kuamshwa kwa muziki, kwa maana haulali. Narendra Nayak, mwanaharakati wa Mangalore anayepinga ushirikina, aliwapinga hadharani wenye mafunzo hayo na kuonyesha kuwa watoto walikuwa wakichungulia kupitia pembeni mwa pua. Upenyo ulipozibwa barabara, kipawa kilitoweka.

Madhara yake hayaishii mfukoni. Mtoto aliyefunzwa hivyo hujua moyoni kwamba anachungulia. Huona furaha ya mama na fahari ya baba, akashindwa kusema. Hivyo basi, somo la kwanza analolipata kwa ada ya wazazi wake ni kuwadanganya wazazi hao hao. Hapo ndipo kiinimacho hugeuka na kuwa ulaghai.

Jinsi ya kupima

Mzazi hahitaji maabara. Kwanza, asiweke imani katika kitambaa cha mwenye mafunzo. Pili, badala ya kufunika macho, afunike kitu kinachosomwa: kadi iwekwe ndani ya bahasha nzito au chini ya meza. Anayeona bila macho hapaswi kuzuiwa na hayo. Tatu, kadi ishikwe juu ya kichwa cha mtoto au nyuma yake, mahali ambapo upenyo wa pua haufiki. Nne, katoni pana ishikwe chini ya kidevu, ikatenga uso na mikono.

Lipo pia swali moja linalotosha peke yake. Kama ubongo au vidole vingeweza kuona, ni nani angenufaika kwanza? Bila shaka ni asiyeona. Hata hivyo, vipofu duniani hawasomi kwa miujiza. Husoma kwa nukta zilizoinuliwa ambazo Louis Braille, aliyekuwa kipofu tangu utotoni, alizichapisha mwaka 1829, nao hujifunza kwa bidii ya miezi na miaka.

Mwisho wa Kuda Bux

Kuda Bux hakukiri kwamba anachungulia. Alidai kuwa uwezo wake ulitokana na kuukazia fikira mwali wa mshumaa kwa miaka mingi. Mwandishi Roald Dahl alimhoji na kuandika habari zake mwaka 1952, na baadaye akazitumia katika hadithi ya Henry Sugar iliyotoka mwaka 1977. Filamu fupi ya Wes Anderson iliyotokana na hadithi hiyo ilitolewa mwaka 2023, ikashinda tuzo ya Oscar mwaka 2024.

Filamu hiyo inamwonyesha mtu aonaye pasipo macho. Maisha yalimwonyesha Kuda Bux jambo tofauti. Katika uzee wake ugonjwa wa glakoma, ambao wengi huuita presha ya macho, ulimpokonya uwezo wa kuona. Mtu aliyeusadikisha ulimwengu kwamba hayahitaji macho yake aliyakosa alipoyahitaji, na wala mwali wa mshumaa haukumfaa. Alifariki jijini Los Angeles mwaka 1981. Ustadi wake uliwafurahisha maelfu ya watu, na heshima hiyo hakuna anayeweza kumnyima. Lakini giza lilipokuwa la kweli, lisilo na upenyo pembeni mwa pua, hata yeye hakuona.