Ndani ya Cheche ya Siemens

Mwaka 1857, jijini Berlin, Werner von Siemens aliingiza bomba la kioo ndani ya bomba jingine pana zaidi, akapitisha oksijeni katika mwanya mwembamba uliobaki, na nje ya vioo akaweka umeme wa volteji kubwa. Gesi ikatoka ikiwa na ozoni. Hapakuhitajika ombwe wala tanuri. Kazi yote ilifanyika katika kanieneo ya hewa ya kawaida.

Kifaa kilipata ajira kabla ya kupata maelezo. Mwaka 1906 mji wa Nice, Ufaransa, ulianza kusafisha maji ya kunywa kwa ozoni. Hata hivyo, ni mwaka 1932 tu ambapo picha za mtafiti K. Buss zilionyesha wazi kwamba kinachoonekana kuwa mwanga mmoja ni nyuzi nyingi za umeme, nyembamba kama unywele, kila moja ikiishi nanosekunde chache tu.

Nani angeweza kuhesabu molekuli ndani ya uzi wa namna hiyo? Kompyuta.

Mwaka 1987, Eliasson, Hirth na Kogelschatz wa maabara ya Brown Boveri mjini Baden, Uswisi, walichapisha modeli ya kompyuta iliyofuatilia safari nzima. Elektroni huigonga molekuli ya oksijeni na kuipasua. Atomu inayoachwa peke yake hujiunga na molekuli nyingine, ikawa ozoni. La kustaajabisha ni mpangilio wa wakati: uzi huzimika kwanza, na sehemu kubwa ya ozoni huundwa baadaye, katika mikrosekunde zinazofuata. Uzi ukiwa mkali mno, atomu hujaa, zikaungana zenyewe kwa zenyewe, na umeme ukapotea bure. Wahandisi wakapata jambo la kurekebisha.

Leo gesi iliyochangamshwa kwa umeme namna hii, yaani plazma, hutumika hata kwenye vidonda, na hapo hewa yenye unyevu huvuruga hesabu. Modeli ya Van Gaens na Bogaerts wa Antwerp, Ubelgiji, iliyotoka mwaka 2013, ilibeba aina 84 za chembe na mimenyuko 1,880. Ni kazi kubwa, lakini kasi za mimenyuko mingi ya namna hiyo hazijapimwa vizuri. Miaka miwili baadaye Miles Turner wa Dublin alionyesha jinsi mashaka hayo yanavyoweza kuyumbisha majibu ya modeli, hivyo kila kasi inayopimwa upya maabara ina thamani yake.