Jembe Lilipogeuka Fimbo

Sisi tuliosoma shule za msingi za Tanzania miaka ya themanini tunakumbuka kwenda shule na jembe begani. Jembe lile lina historia yake.

Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, mtoto ajifunze humo kutunza udongo na kutumia mbolea. Zaidi ya hayo, alitaka wanafunzi washiriki kuamua kazi ipi ifanyike na mapato yatumikeje.

Sharti hilo la mwisho shuleni kwetu halikufika. Aliyechelewa asubuhi alipimiwa kipande akalime. Mavuno hatukuyaonja, hesabu yake hatukuisikia. Jembe likageuka fimbo, nasi tukakua tunaukimbia udongo.

Leo tunawataka wanetu wapande miti na kuzibua mifereji ya mitaa yetu. Vema. Lakini kabla ya kumkabidhi mtoto mche, tumwulize kwanza: wewe unaonaje, tuupande wapi?