WITCH Wamerudi, na Nina Maneno

Wasee, wengi wetu tulisikia Zamrock mara ya kwanza kupitia Tyler, the Creator. Lile gitaa chafu kwenye "Noid" ya 2024 ni la Paul Ngozi na bendi yake, Ngozi Family, kutoka Zambia, miaka ya sabini. Zambia! Ukivuka Tanzania umefika. Lakini ilibidi ngoma izunguke hadi Marekani ndiyo ikatupata hapa Nairobi. Hiyo inaniuma, na ndiyo sababu leo tunaongea kuhusu WITCH.

Jina ni kifupi cha We Intend To Cause Havoc, yaani wamekuja kuleta vurugu. Wakati huo Zambia ilikuwa imepata uhuru juzi tu, 1964, shaba ilikuwa inauzwa vizuri, na vijana wa Copperbelt walikuwa wanaskiza Hendrix, Rolling Stones na James Brown. Halafu Rais Kaunda akatoa amri: asilimia 95 ya muziki redioni uwe wa Zambia. Sasa fikiria wewe ni kijana, unapenda rock, na redio haitakuchezea Wazungu tena. Utafanya nini? Utashika gitaa ujitengenezee yako. Ndivyo walivyofanya. Mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, hadi jina alilipika upya: Mick Jagger akawa Jagari. Waliimba kwa Kiingereza na lugha za nyumbani, na mdundo haukuwa wa London hata kidogo.

Na hii hawatufundishi shule: studio nzuri zilikuwa haba kwao, kwa hivyo bendi kadhaa za Zamrock zilikuja kurekodi hapa Nairobi, WITCH wakiwemo. Hapa hapa! Leo ukivaa tisheti ya bendi ya rock tao, unaulizwa kama umejiunga na dini ya shetani.

Kilichofuata ni kizito. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya sabini, na pesa ya watu ikaanguka nayo. Vita vya ukombozi kwa majirani vilileta amri ya kutotoka nje usiku, shoo zikawa za mchana. Disko ikaingia, kanda bandia zikamaliza mauzo. Kisha UKIMWI. Kati ya wale walioanzisha WITCH, Jagari peke yake ndiye aliyebaki hai. Alifundisha muziki, baadaye akaenda kuchimba vito ardhini. Msee aliyejaza viwanja, na koleo mkononi. Mimi niliyeacha chuo nikidhani talanta inatosha, hapo nilinyamaza kidogo.

Wakusanyaji rekodi wa ng'ambo ndio waliozitoa tena zile albamu, 2019 kukatoka filamu kumhusu, na 2023 ikaja Zango, albamu mpya ya kwanza tangu 1984. Niliiskiza yote nikiwa kwa matatu ya Rongai, na jam ilinisaidia kuimaliza.

Ukweli? Kuna mahali ni safi sana. Zile rekodi za zamani zinasikika kama spika inataka kupasuka, na mimi napenda hivyo. Lakini sauti ya Jagari, mzee wa miaka zaidi ya 70, bado ina ule ukali, na kinanda cha Patrick Mwondela, aliyeingia bendi mwaka 1980, kinajua kinachofanya. Walirekodi Lusaka, DB Studios, walikokuwa wakirekodi zamani. Halafu kuna "Avalanche of Love" na Sampa the Great. Wengi hawajui kwamba George Kunda, mmoja wa waanzilishi wa WITCH, alikuwa mjomba wake Sampa. Manze, mpwa anaimba kwenye bendi ya marehemu mjomba wake! Hiyo ngoma niliirudia mara nne.

Kuna wanaosema hii si WITCH kwa sababu wengine kwenye bendi ni Wazungu. Sawa, mlitaka Jagari amwite nani? Wenzake wamelala. Swali langu ni lingine: mbona shoo zao nyingi ni Ulaya na Marekani, na ni lini promota wa Nairobi atawaleta hapa walikorekodi?

Na wale mnaobishana kila mwaka kama redio zetu zilazimishwe kucheza muziki wa Kenya, skizeni Zamrock kwanza. Amri ilileta sauti mpya, ndiyo. Lakini haikuwajengea wanamuziki soko la kudumu wala kuzuia wizi wa kanda. Mnapigania asilimia za redioni tu, na malipo je?

2025 wametoa nyingine, Sogolo. Hiyo tutaongea wiki ijayo. Kwa sasa uliza guka ama shosh wako kama kuna santuri za miaka ya sabini kwa sanduku. Ukipata yoyote ya Zambia, usiiuze, nipigie picha kwanza.