Matatu na basi la ratiba: njia ya Kitale–Bungoma

Matatu ya viti 14 kutoka Kitale kwenda Bungoma huondoka ikijaa. Basi la kampuni, kama vile Easy Coach linalotoka miji hiyo kwenda Nairobi, huondoka saa yake ikifika hata viti vya nyuma vikiwa vitupu, na tiketi hukatwa mapema.

Steji ya Kitale huwa na gari moja la zamu kwa kila njia. Mengine ya sako, yaani ushirika wa wenye matatu, hungoja nyuma yake. Mpiga debe huita: "Kiminini, Kamukuywa, Webuye, Bungoma!" Nauli ni moja kwa wote, ila aliyepanda wa kwanza hungoja kuliko wote. Siku ya soko au ya kufungua shule gari hujaa upesi. Mchana wa kawaida mtu anaweza kukaa dirishani hadi miguu ife ganzi, huku makanga akiapa kwamba amebaki mmoja tu. Makanga na dereva wana sababu yao: kila jioni humpelekea mwenye gari kiasi walichopatana, na chao ni kile kinachobaki baada ya mafuta. Kiti kitupu ni hasara yao wenyewe.

Anayeumia zaidi ni abiria wa njiani. Gari lililojaa Kitale humpita Kamukuywa na Misikhu bila kupunguza mwendo, naye huishia kwenye bodaboda au kubanwa ndani ya gari dogo aina ya Probox lililoundwa kwa watu watano.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mwisho wa abiria 14. Zilipunguza msongamano ndani ya gari, jambo jema sana, lakini saa ya kuondoka zikamwachia makanga.

Kwingine kazi ya mpiga debe ilipewa simu. Helsinki ilijaribu Kutsuplus, basi dogo lililoitwa kwa simu na kupangiwa njia na kompyuta, kuanzia 2012. Likafungwa 2015 kwa sababu ya gharama. Swvl, kampuni ya mabasi yanayokatiwa nafasi kwa simu, iliingia Nairobi mwaka 2019, ikagongana na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kuhusu leseni mwaka huohuo, na safari zake za mjini zikakoma 2022.

Njia nyepesi kuliko hiyo iko kwa kaunti: Katiba ya 2010 iliziachia usafiri wa umma wa barabarani. Trans Nzoia, kaunti yenye Kitale, na Bungoma zingeweza kulipia viti vitupu vya magari mawili tu yenye saa maalumu, moja alfajiri na moja jioni, ili mgonjwa wa Misikhu mwenye miadi ya kliniki ajue saa ya kutoka nyumbani na saa ya kurudi.