Bundi wa Nzwani Hakupotea

Nyanya yangu akisikia bundi usiku alikuwa anatoka nje na kijinga cha moto kumfukuza. Kwetu bundi analeta msiba. Kwa hivyo niliposoma ati kuna bundi aliyepotea miaka 106, nilijiuliza: kwani nani alikuwa anamtafuta?

Bundi huyo anaishi Nzwani tu, kisiwa cha Komoro ambacho Wafaransa hukiita Anjouan. Visiwa vya Komoro ni vinne na kila kimoja kina bundi wake mdogo. Wa Mwali alipewa jina la kisayansi 1998, juzi tu. Wa Nzwani ndiye aliyetangulia kuingia vitabuni, kupitia Mfaransa Léon Humblot, aliyemkusanya miaka ya 1880. Humblot alikuja Komoro kutafuta mimea na wanyama, lakini mwaka 1885 akatiliana saini na Sultani Said Ali mkataba uliompa haki ya kutumia ardhi ya Ngazidja. Alikuja kuchuma maua, akabaki na kisiwa! Mwaka 1889 Mwingereza John Henry Gurney akampa yule bundi wa Nzwani jina la capnodes, yaani wa rangi ya moshi. Kisha kimya.

Kimya hicho hakikuwa cha ndege. Mashamba ya miwa, na baadaye milangilangi ya manukato, yalichukua ardhi nzuri ya chini. Wenyeji wakasukumwa juu, wakalima kwenye miteremko ambayo hata mbuzi angefikiria mara mbili, na msitu ukapanda mlima mbele yao. Bundi naye akapanda. Tena halii kama bundi wa nyanya yangu, anapiga mluzi mrefu.

Juni 1992 mtafiti Roger Safford akampata huko juu. Vitabu vikasema amegunduliwa upya.

Neno hilo linanikera, nakiri. Nilipokosa karo, chuo kiliondoa jina langu kwenye orodha. Miaka miwili baadaye nikakutana na jamaa wa darasa letu, akashangaa, “Bana, ulipotelea wapi?” Nilikuwa chumba kilekile, mitaa miwili kutoka lango kuu, nikiandikia watu makala. Ni yeye tu hakuwa anapita hiyo njia.

Wakulima wa Nzwani walikuwa wanapita. Siamini kwamba kwa miaka 106 hakuna hata mmoja aliyesikia ule mluzi akiwa njiani kutoka shambani jioni. Hawakuulizwa na wenye makumbusho, basi.

Uchunguzi wa baadaye umemkuta hata kwenye misitu iliyochakaa, karibu na mashamba yao. Lakini anataga ndani ya mashimo ya miti mikubwa, na miti hiyo inakatwa. Mingine inaishia mbao, mingine kuni. Maua ya mlangilangi hayatoi mafuta mpaka yachemshwe kwa saa nyingi, na chini ya chungu ni kuni zinazowaka.