Mavi ya Chuma na Kioo cha Mnaso

Aliyesimama Mtae, ukingoni mwa Usambara, huiona milima ya Upare ng'ambo ya nyika ya Mkomazi. Huko Washana, ukoo wa wahunzi, walifua chuma kilichowafikia hata Washambaa. Historia ya Wapare aliyoitoa Isaria Kimambo mwaka 1969 imewataja. Twaanzia huko kwa kuwa sanaa ya kutia vipande vya shaba katika kioo cha kuyeyushwa yahitaji istilahi, na mfasiri asiye mwangalifu atakimbilia "lehemu".

Neno hilo halifai. Lehemu ni metali ya tatu iunganishayo mbili, ilhali vioo hushikana vyenyewe katika tanuri yenye joto la nyuzi 800 hivi. Shaba haiyeyuki humo, kwani hungoja nyuzi 1085, hunaswa tu. Taabu huja wakati wa kupoa: shaba husinyaa karibu mara mbili ya kioo cha kawaida, na kipande kinene hukipasua. Hivyo fundi hutumia shaba nyembamba kama karatasi.

Wahunzi wa kale walilijua jambo la jamii hiyo. Mawe ya chuma yalipochomwa, taka zake ziliyeyuka zikaganda mfano wa kioo cheusi, na punje za chuma zikanaswa ndani. Kiswahili kikaziita "mavi ya chuma". Wako walionao haya kulitamka neno hilo darasani, sisi hatunazo. Kwa kazi mpya twapendekeza "kioo cha mnaso", na "lehemu" libaki kwa mziba sufuria.